Kijana akitaka kubadili BIOS kwa ajili ya gemu, mzazi anza kwa kuuliza nani aliizima Secure Boot

Mzazi, kama nyumbani kwako kuna kompyuta moja inayotumiwa na watu watatu, ifanyie jambo hili la dakika moja leo jioni. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kitajitokeza kisanduku kidogo. Andika humo msinfo32, kisha bonyeza Enter. Itafunguka orodha ndefu ya maneno. Usijisumbue kuisoma yote. Tafuta mistari miwili tu, ule wa "BIOS Mode" na ule wa "Secure Boot State".

Ukikuta wa kwanza unasema UEFI na wa pili unasema On, funga uendelee na mapishi yako. Leo naandika kwa ajili ya waliokuta Off, au Legacy, au lile neno linalowatisha wengi, Unsupported.

Najua mmenizoea kwa chanjo, uji wa lishe na homa za watoto. Lakini simu zinazonifikia siku hizi kutoka kwa wazazi si za homa peke yake. Kompyuta za mtumba zimeingia majumbani, moja inabeba hesabu za biashara ya mama, maombi ya chuo ya kijana na picha za harusi za mwaka juzi, na ikigoma nyumba nzima inasimama.

Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Ana duka la dawa muhimu, na kwenye kompyuta yake ya HP ya mtumba kuna orodha ya dawa zinazoingia na kutoka, madeni ya wateja na hesabu za kikoba cha kina mama ambacho yeye ni mweka hazina wake. Mwanawe amemaliza kidato cha sita na yuko nyumbani akisubiri chuo. Mchana kompyuta ni ya duka, usiku ni ya kijana na magemu yake.

Alinipigia usiku, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka na kuingia moja kwa moja kwenye shida. "Mwanangu, huyu mdogo wako ameshaniharibia kompyuta. Imeandika maneno mekundu, na sasa anasema anaingia ndani kwenye mitambo airekebishe."

Nikamwomba ampe simu kijana. Kumbe hakuna kilichoharibika. Alikuwa ameweka gemu la Valorant, na gemu hilo likichezwa kwenye Windows 11 linadai Secure Boot iwe imewashwa na kompyuta iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Linafanya hivyo ili kuwabana wachezaji wanaodanganya. Lilipokuta Secure Boot haipo kazini likatoa ujumbe wenye namba VAN9003 na kugoma kufunguka. Kijana alikuwa ameshatazama video mbili, kidole kiko tayari kwenye F10.

"Usiguse kwanza," nilimwambia. "Nisomee BIOS Mode inasemaje."

Ilikuwa Legacy. Na Secure Boot State, Unsupported.

Kabla sijaeleza kwa nini majibu hayo yalinifanya nimzuie, niseme Secure Boot ni nini. Unapowasha kompyuta, Windows haianzi yenyewe. Kuna programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, ambayo wengi wanaiita BIOS na kwenye mashine za miaka ya karibuni jina lake hasa ni UEFI. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza, inavitazama kibodi, diski na skrini, kisha inaikabidhi kazi programu inayoipandisha Windows. Secure Boot inaingia hapo kwenye makabidhiano. Inadai saini ya kidijitali ya programu hiyo, na isipoitambua saini, haiiruhusu kuanza. Ilianza kusambaa kwenye kompyuta za kawaida mwaka 2012 pamoja na Windows 8.

Faida yake inaeleweka ukifikiria mlinzi wa usiku. Programu ya kuzuia virusi ni mlinzi anayeanza zamu baada ya Windows kuwaka. Kirusi kinachojipenyeza kabla ya hapo kinamkuta bado hajafika, na akifika anakikuta kimeshavaa sare. Unaweza kusafisha kompyuta kila wiki na usikione. Virusi wa namna hiyo wapo kweli. Mwaka 2018 wataalamu wa kampuni ya ESET walieleza kuhusu LoJax, iliyojificha ndani ya UEFI yenyewe, kiasi kwamba hata diski ikibadilishwa inabaki.

Basi kwa nini kompyuta nyingi za mtumba zinafika mikononi mwetu Secure Boot ikiwa imezimwa? Hapa ndipo kazi yangu ya kila siku ilinisaidia. Madaktari ninaowahoji hawaandiki dawa kabla ya kuuliza historia. Na kipengele hiki hakijizimi chenyewe hivi hivi. Karibu kila mara kuna mtu aliyekizima, na alikuwa na sababu.

Mara nyingi ni fundi. Flashi yake ina Windows ya zamani, au nakala iliyochezewa isiyo na saini, na kompyuta inaikataa. Anazima Secure Boot, anahamisha mashine kwenye Legacy, anapiga Windows, anakukabidhi. Kompyuta inawaka, wewe unalipa. Wakati mwingine ni mwanafunzi wa kompyuta aliyeweka Linux na kifaa fulani kikagoma, akazima ili amalize kazi ya chuo. Sababu hiyo ni halali kabisa. Windows 11 nayo, ilipotoka Oktoba 2021, ilitaja kati ya masharti yake kwamba kompyuta iwe na uwezo wa Secure Boot na iwe na TPM 2.0, lakini kuna njia za kuyaruka masharti hayo wakati wa kuipiga, na mafundi wanazijua.

Nilimwomba mama mdogo ampigie aliyemuuzia. Alijibu bila kigugumizi kwamba ndiyo, aliizima, kwa kuwa flashi yake ilikuwa inakataliwa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na foleni ya wateja.

Jibu hilo ndilo lililoamua tufanye nini.

Mstari wa "BIOS Mode" una uzito kuliko hata ule wa Secure Boot. Ukisema UEFI, diski yako imepangwa kwa namna inayokubaliana na Secure Boot, na kazi iliyobaki ni ndogo. Ukisema Legacy, maana yake Windows ilipigwa kwa mtindo wa zamani, na diski imepangwa kwa mpango wa kale uitwao MBR. Secure Boot haifanyi kazi kwenye hali ya Legacy. Ndiyo maana inaandikwa Unsupported hata pale ambapo mashine yenyewe ina uwezo huo tangu kiwandani. Wazazi wengi wakisoma neno hilo wanadhani kompyuta yao ni kuukuu mno. Si lazima iwe hivyo.

Sasa fikiria kijana angeifuata video yake. Angeingia BIOS, azime Legacy, awashe Secure Boot, ahifadhi. Kompyuta ingewaka na kuandika "Boot Device Not Found", au kwenye mashine nyingine "No bootable device". Skrini nyeusi, saa nne usiku, hesabu za kikoba zikiwa humo.

Niseme hili polepole kwa sababu ndilo linalowagharimu watu: katika hali hiyo hakuna faili hata moja lililofutika. Kubadili mpangilio huo hakugusi diski. Ukirudi ulikotoka ukairudisha Legacy kama ilivyokuwa, Windows inawaka na kila kitu kipo. Hasara huja kesho yake asubuhi, pale kompyuta inapopelekwa kwa fundi wa kwanza wa jirani, anaambiwa "haiwaki", naye anapiga Windows upya juu ya diski ileile. Hapo ndipo picha na hesabu zinapoondoka. Nimeshasikia habari ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara aliyelaumiwa ni mtoto na gemu lake.

Kwa waliokuta UEFI lakini Secure Boot ni Off, kuna jambo moja la kufanya kabla ya kugusa chochote. Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 zina ulinzi wa diski uitwao BitLocker, ambao mara nyingine hujiwasha wenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ulinzi huo unafuatilia hali ya Secure Boot. Ukiibadilisha, unaweza kushtuka na kukudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufungua. Usipokuwa nao, diski inabaki imefungwa, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia kuzisoma data zako.

Kwa hiyo, ukiwa bado ndani ya Windows, fungua intaneti hata kwa simu yako, nenda account.microsoft.com/devices/recoverykey, ingia kwa akaunti iliyotumika kwenye kompyuta hiyo, na unakili ufunguo kwenye karatasi. Nimesema karatasi. Ukiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo ni sawa na kufungia funguo ndani ya gari. Na kama kompyuta ilikuwa ya mtu mwingine na bado inafunguka kwa akaunti yake, simamia hapo kwanza. Mtafute, au utumie akaunti yako, ndipo uendelee.

Ukishapata ufunguo na kunakili mafaili muhimu kwenye flashi, njia rahisi ya kuingia BIOS kwenye Windows 11 ni kupitia Settings, System, Recovery, kisha mbele ya "Advanced startup" bonyeza "Restart now". Itakuja skrini ya buluu. Chagua Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings, halafu Restart. Kwenye Windows 10 sehemu ya Recovery iko chini ya "Update & Security". Usipoiona "UEFI Firmware Settings" kabisa, huenda ni ile hali ya Legacy inakusalimia tena. Njia ya zamani ni kubonyezabonyeza kitufe wakati kompyuta inawaka: HP nyingi ni F10, Dell ni F2, Acer ni F2, na Lenovo ni F1 au F2 kutegemea aina.

Ukiwa ndani, mshale wa kipanya unaweza usifanye kazi; tumia vitufe vya mishale. Chukua simu upige picha kila ukurasa kabla hujabadilisha kitu. Secure Boot hukaa chini ya Security, au Boot, au Advanced, kila kampuni na mapenzi yake. Iwashe, bonyeza F10 kuhifadhi, itoke. Ikiwa imefifia na haichaguliki, mara nyingi ni kwa sababu Legacy, au CSM kwenye mashine nyingine, bado imewashwa. Kwenye baadhi ya Acer haichaguliki mpaka kwanza uweke neno la siri la msimamizi. Ukiweka neno hilo, liandike kwenye daftari la nyumba, maana kulisahau ni balaa jingine.

Usiguse mstari unaotaja SATA, RAID au AHCI. Usiguse "Clear TPM". Usifute funguo zozote za Secure Boot. Ukiulizwa uchague kati ya Standard na Custom, chagua Standard. Ukipotea njiani, toka bila kuhifadhi na uanze tena kesho. Hakuna anayekukimbiza.

Sisi, kwa upande wetu, tulikuwa na Legacy, hivyo kazi ilikuwa kubwa kidogo. Nilikwenda kwa mama mdogo Jumamosi. Kwanza tulinakili orodha ya dawa, hesabu za kikoba na vyeti vya kijana kwenye flashi mbili, na tukazifungua kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Hatua hiyo peke yake ilituchukua muda mrefu kuliko zote zilizofuata. Chaja ilikuwa imechomekwa na betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kupanga upya diski, usiku wako utakuwa mrefu.

Windows ina chombo chake kiitwacho mbr2gpt, kipo tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, kinachobadili mpango wa diski bila kufuta mafaili. Kinaendeshwa kwa kuandika amri, na kina hatua ya kupima kwanza: mbr2gpt /validate /allowFullOS. Kikikubali, ndipo unabadilisha neno validate kuwa convert. Kikikataa, acha. Kinaweza kukataa kwa sababu diski imegawanywa vipande vingi mno, na hapo hata mimi ningemwachia fundi anayejua, akiwa na maelezo kwamba data zibaki. Kwa mzazi anayeanza, sehemu hii sikushauri uifanye peke yako. Tafuta mtu awe pembeni.

Kwetu kilikubali. Nilikataa kushika kibodi. Mama mdogo ndiye aliyekaa kwenye kiti, kijana akisoma, mimi nikiuliza, "Mama, hapo unaona nini?" Ukimfanyia mtu kila kitu atakupigia tena mwezi ujao na shida ileile. Akisoma mwenyewe maneno yaliyo mbele yake, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga, anagundua kwamba mengi ni ya kawaida. "Kumbe inaniuliza tu kama nina uhakika," alisema kwenye ukurasa mmoja, akacheka.

Baada ya diski kubadilishwa tuliwasha na kwenda moja kwa moja BIOS, kwa kuwa sasa mtindo wa zamani usingeiamsha tena. Kwenye mashine ile palikuwa na chaguo moja refu, "Legacy Support Disable and Secure Boot Enable". Akalichagua, akahifadhi. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikatoa skrini nyeusi yenye maelezo ya Kiingereza na tarakimu nne.

Hapo mama mdogo alishika kifua. Wenye HP, kumbukeni skrini hii. Inauliza kama ni mwenye kompyuta kweli aliyebadilisha mpangilio, na inataka uandike tarakimu zile nne zinazoonekana hapohapo, kisha Enter. Hakuna kisanduku cha kuandikia, na unapoandika huenda usione kitu, ndiyo maana watu hudhani imeganda. Andika tu. Ukipuuza, badiliko halipokelewi.

Akaandika. Windows ikawaka. Tukarudi msinfo32: UEFI, On.

Kuna wengine watawasha Secure Boot kwenye BIOS, lakini msinfo32 iendelee kusema Off. Rudi BIOS utazame kama kuna maneno "Setup Mode" au "Not Active". Maana yake funguo za kiwandani hazijapakiwa. Chagua kuzirejesha, mara nyingi huandikwa "Restore Factory Keys", kisha uhifadhi upya. Na yeyote atakayekutumia programu kwenye WhatsApp kwamba itakuwashia Secure Boot kwa kubonyeza mara moja, mwambie asante, na uifute.

Sitaki mtu adhani sasa kompyuta imekuwa ngome. Secure Boot haimzuii mwanao kufungua kiungo cha utapeli, wala haijui kama neno lako la siri ni tarehe ya kuzaliwa. Hata yenyewe imeshawahi kuzungukwa: Machi 2023 ESET walichapisha uchambuzi wa BlackLotus, kirusi kilichoweza kuipita Secure Boot ikiwa imewashwa, kwa kutumia kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho yake Januari 2022. Kwa hiyo masasisho ya Windows yaacheni yaingie, japo yanakula bando. Kuna sababu nyingine pia: vyeti vya Secure Boot vilivyotolewa mwaka 2011 vinaanza kuisha muda wake Juni 2026, na vipya vinaletwa kwa njia ya masasisho hayohayo. Wenye Windows 10 wajue msaada wake wa kawaida ulifika mwisho 14 Oktoba 2025.

Valorant ilifunguka jioni ile. Mama mdogo akatangaza kwamba gemu ni baada ya saa mbili usiku, hesabu za duka zikishafungwa, na kijana akakubali haraka mno, kwa namna iliyonitia shaka.

Kwa wanaopanga kununua au kupeleka kompyuta kwa fundi wiki hii: mwambieni mapema kwamba Windows ipigwe kwa UEFI na Secure Boot irudishwe kazi ikiisha. Akisema haiwezekani, muulize ni flashi yake isiyoweza au ni mashine. Na kabla hujatoa hela, simama hapohapo kaunta, bonyeza Windows na R, andika msinfo32, usome ile mistari miwili mbele yake.